Chupa Isiyokauka

9 Februari

Kwa mpwa wangu, Malkia wa Glavu,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi ni wazima kiasi cha kulalamika. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena palepale fundi alipoapa kwamba halitavuja, na fundi mwenyewe siku hizi akiniona kwa mbali anabadili njia. Sikio langu la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linafanya kazi linapojisikia. Ndiyo maana nakuandikia, badala ya kupiga kelele kwenye simu ya jirani huku ukoo wake mzima umekaa kusikiliza mambo yetu. Msalimie dada yangu, mama yako. Mwambie presha haishuki kwa kuisimulia.

Bibi yako hajambo. Ana miaka themanini na mitatu na bado ananisahihisha ninavyofagia. Wiki mbili zilizopita alijikwaa akachubuka mguu, pale mbele kwenye muundi. Kidonda chenyewe hakizidi kiganja cha mtoto. Mambo ya wazee, usianze kunirushia maswali.

Jirani alinishauri nimpeleke hospitali ya hapa. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nimefunga vidonda miaka ishirini na saba, katika chumba hichohicho unachokikalia wewe sasa, halafu nimpeleke mama yangu mzazi akafungwe na watu wanaoshika shashi kama wanaoshika barua ya kufukuzwa kazi? Namtibu mwenyewe. Asubuhi namwagia dawa ya povu, inachemka vizuri kabisa. Baadaye namsafisha kwa dawa ya njano kutoka chupa yangu ya kazini, unaijua. Mchana narudia yote, jioni namalizia na iodini. Inamwasha, anakaza meno, nami naridhika, maana dawa isiyowasha ni maji ya kunawia. Wagonjwa hawakuniita Kaza Meno kwa kunionea.

Nitumie shashi na pamba kwa posta. Ushauri baki nao.

Mjomba wako.

*

27 Februari

Mjomba Kaza Meno,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama amepata mashine ya kupimia presha na sasa anapima hata za wageni, wakitaka wasitake. Mimi bado nakaa kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba cha mwisho karibu na bomba, ambapo wenzangu wote huja kuchota maji na kunieleza ndoa zao. Nimefurahi kusikia Bibi anakusahihisha. Kuna mtu mmoja duniani anayeweza.

Shashi na pamba nimetuma. Na ushauri nautuma vilevile, maana haulipiwi stempu.

Nimesoma ratiba yako ya matibabu nikadhani unasafisha injini ya lori. Mjomba, povu lilifaa siku ya kwanza tu, kama kulikuwa na uchafu ndani. Ukilimwaga kila asubuhi linaunguza nyama changa inayojaribu kuota. Halafu mchana unarudi kukagua kwa nini haijaota. Na huko kuwasha unakokusifia hakupimi chochote. Pilipili nayo inawasha, mbona hukuwahi kuipaka mtu? Wewe ulizoea kupima kazi yako kwa sauti ya mgonjwa. Akipiga kelele umefaulu, akinyamaza unaongeza.

Fanya hivi: chemsha maji, yatie chumvi kidogo, yaache yapoe. Nawa mikono kwa sabuni, yote miwili, na kucha. Osha kidonda taratibu, funika kwa shashi safi, basi. Povu mwaga uani. Iodini iache ipumzike, imefanya kazi ya kutosha. Dawa ya njano sina ugomvi nayo, pitisha tu kwenye ngozi ya pembeni. Hata mimi naitumia kila siku kutoka kwenye ile chupa pacha ya hiyo yako, uliyoniachia ulipostaafu. Na wekundu ukianza kutambaa, au akipata homa, unampeleka hospitali bila kucheka wala kukohoa.

Halafu hujasema alijikwaa wapi. Nyumba ile ina vyumba vitatu na korido moja, na Bibi anaijua hata akiwa amefumba macho.

Kazini tuna vurugu kidogo. Wagonjwa watatu waliokuja na vidonda visafi wameharibikiwa mikononi mwetu. Sababu nimeshaijua. Ni yule mhudumu wa usafi, Mama Ndoo, anayefuta sakafu kama anaibembeleza ilale. Nimemwandikia ripoti ya kurasa mbili. Mtu asiyejua usafi ni nini hana kazi katika chumba changu.

Mpwa wako.

*

18 Machi

Kwa Profesa wa Maji ya Chumvi,

Salamu. Barua yako niliiweka chini ya redio wiki nzima nikingoja hasira ishuke. Haikushuka, nimeamua kujibu nayo.

Habari za huku ni nzuri. Fundi wa paa amekimbilia kwa wakwe zake. Jirani ameniuliza kama una mchumba, nikamwambia una glavu. Bibi yako anakula kidogo kuliko zamani, nadhani amechoka na mapishi yangu, na jioni anapata joto la mwili kidogo. Ni hali ya hewa. Kila mtu mtaani ana joto.

Kidonda kinajitahidi. Kimetanuka kidogo pembeni kabla ya kufunga, ndivyo vidonda vya wazee vinavyofanya. Maji yako ya chumvi nimeyapikia. Mtu aliyefunga vidonda vya ajali, vya moto, vya visu, vya watu walioangukiwa na kuta, hawezi leo kusimama mbele ya mguu wa mama yake na maji ya kupikia. Ningewaambia nini wale wote waliopita mikononi mwangu? Kwamba walikaza meno bure?

Alipojikwaa ni mle ndani. Nyumba ni nyumba, ina vitu.

Ila nimeshangaa kuhusu Mama Ndoo. Huyo mama alianza kufuta ile sakafu wewe hujaota meno, na katika miaka yangu yote hakuna mtu aliyeharibikiwa kwa ajili ya ndoo yake. Lakini sawa, siku hizi mwenye glavu ndiye mwenye kauli. Alisema nini ulipomwandikia hiyo ripoti? Nijulishe.

Shashi zimefika, asante. Ni nyepesi kama akili za wanaozitengeneza. Bibi yako ndiye atakayebandika bahasha, anasema mate yangu hayashiki.

Mjomba wako.

MJUKUU WANGU. KINANUKA. USIMWAMBIE NIMESEMA. NILIGONGA SANDUKU LAKE

*

4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Mimi si mzima sana ila si wa kulala kitandani.

Nimepiga simu ya jirani yako mara tatu. Mara ya kwanza uko bafuni, mara ya pili uko bafuni, mara ya tatu jirani alisahau akasema, "Anasema yuko bafuni." Hongera. Utakuwa mzee msafi kuliko wote mtaani.

Sasa nijibu kama mtu mzima. Ukifungua bendeji asubuhi, ina rangi gani? Ni kijani, au samawati iliyochanganyika na kijani, kama shaba iliyoshika kutu? Harufu yake ni tamu tamu, kama matunda yaliyoiva yakapita? Usiniulize nimejuaje. Muuguzi mzuri ananusa hata kwa barua. Na lile sanduku lako la bati la vifaa vya kazi, lenye kona inayokata, umelitoa koridoni au bado unangoja Bibi aligonge kwa mguu wa pili?

Kama jibu la rangi ni ndiyo, usisubiri barua nyingine kutoka kwangu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hicho si kidonda cha kupaka tena. Vijidudu vimeshaingia ndani ambako dawa ya kumwagia haifiki, na mkichelewa, watakachojadili madaktari ni wakate wapi, chini ya goti au juu. Nasema waziwazi kwa sababu wewe ukiambiwa kwa upole unadhani umesifiwa.

Ningekuja mwenyewe. Likizo yangu imesimamishwa. Wagonjwa walioharibikiwa sasa ni watano, na wakubwa hawataki mtu wa chumba cha vidonda aondoke mpaka ijulikane ni nini. Harufu unayonificha naijua kwa sababu naingia nayo nyumbani kila siku kwenye nguo zangu.

Mpwa wako.

*

21 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata. Za huku utazisoma chini, sina nguvu za kuzipanga.

Ndiyo, ni kijani. Ndiyo, harufu ni hiyohiyo uliyoitaja, na mtu aliyekunong'oneza namjua, ana miaka themanini na mitatu na amekana mbele yangu bila kupepesa macho. Na ndiyo, aligonga sanduku langu. Nilikuwa nimelitoa ili niangalie koleo zangu, nikazipanga kitandani nikazitazama, nikasahau kulirudisha. Alikuwa ananiletea chai. Umeridhika? Iandikie nayo ripoti ya kurasa mbili.

Usifikiri nimekaa. Povu nimeliacha, si kwa ajili yako, limeisha dukani. Lakini dawa ya njano nimeongeza. Namwagia kutoka chupa yangu mara nne kwa siku, naloweka shashi nzima na kuifunga ikiwa mbichi. Chupa ile unaifahamu. Kioo cha kahawia, kizibo cha gamba la mti nilichokichonga kwa kisu mwenyewe. Tangu nikabidhiwe chumba kile haijawahi kukauka hata siku moja. Ikifika nusu naongeza dawa kidogo na maji, ikifika nusu naongeza. Nilistaafu nayo ikiwa imejaa na mpaka leo imejaa. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyokufundisha siku ulipoingia na viatu vyako vyeupe: mfunga vidonda asikutwe na chupa tupu. Niliwafundisha wote hivyo. Kama dawa ya chupa ile imeshindwa, basi hakuna dawa.

Unasema nimpeleke. Nikimpeleka wataniuliza, mzee, nani alikuwa anamtibu? Nitasema nini? Wengine pale wananijua. Watanionea huruma, na mimi huruma ya watu wale siitaki hata ikiletwa kwenye sinia. Bibi yako mwenyewe hajasema anataka kwenda. Anakaa mguu umeegemezwa kwenye stuli ananitazama ninavyofunga, na hata kunisahihisha ameacha.

Hilo la kuacha kunisahihisha ndilo linalonitisha.

Mjomba.

*

2 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii inakuja kwa mkono wa dereva wa gari la dawa, ambaye nimemwomba asimame mlangoni kwako mpaka uisome yote. Usimpe chai kwanza. Salamu za watu wengine ziko nyuma ya karatasi, utazisoma baadaye.

Ile barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kando ya toroli, nikimngoja mgonjwa apande kitandani. Nilikuwa nikicheka peke yangu lile povu lililoisha dukani. Nilifika pale uliposema naongeza, ikifika nusu naongeza, nikainua macho, na mbele yangu ipo chupa. Kioo cha kahawia, kizibo cha gamba la mti. Asubuhi ile ilikuwa imefika nusu, na nilikuwa nimeongeza.

Mjomba, miaka kumi na moja ninayo. Sijawahi kuimwaga wala kuiosha.

Nilimwambia mgonjwa ashuke. Nilimimina kidogo kwenye kichupa nikakipeleka maabara kwa yule tunayemwita Bwana Darubini. Aliniuliza kidonda ni cha nani. Nikamwambia si usaha, ni dawa. Akacheka akidhani namtania. Siku ya tatu aliniita, na hakuwa anacheka. Aliweka kisahani mezani, kimejaa ukungu wa kijani ukingo hadi ukingo, na akasema, "Dada, hii uliyoniletea haiui kitu. Hii inafuga."

Akanieleza, nami nakueleza wewe. Dawa ikichanganywa na maji ikakaa, nguvu zake zinapungua. Vijidudu vingi vinakufa, vichache vinazoea. Vinajificha kwenye kizibo, mle kwenye matundu ya gamba, na kwenye utando chini ya chupa. Tunapoongeza juu ya iliyobaki tunadhani tunaipa nguvu dawa, kumbe tunaviletea maji vile vilivyokwisha kuzoea. Halafu tunaimimina kwenye kidonda kibichi cha mtu na kumwambia akaze meno. Mimi nilikudharau kwa povu lako, nikakuandikia maneno ya kejeli mpaka nikajifurahisha, na muda wote huo ugonjwa ulikuwa mezani kwangu nikiufuta vumbi kila asubuhi ili ung'ae.

Uliniuliza Mama Ndoo alisema nini. Sikukujibu kwa sababu hakusema kitu. Alisimamishwa kazi kwa karatasi yangu, akavua gauni lake la kazi, akalikunja, akaondoka. Jumatano nilikwenda kwake. Alikuwa anaanua nguo. Nilimwambia kila kitu palepale kwenye kamba, nikamwambia nimeandika ripoti ya pili na ndani yake jina ni langu. Hakunikaribisha ndani. Alimaliza kukunja shuka, akasema, "Mimi ndoo yangu naiosha kila siku, inageuzwa juani inakauka. Hiyo chupa yako uliwahi kuiosha?" Nikasema hapana. Akasema, "Na ni mimi niliyekuwa mchafu." Akaingia ndani na shuka zake.

Nimeona aibu, Mjomba. Sijawahi kuona aibu kama ile, na natumaini hutaniambia nisijali.

Sasa mguu wa Bibi. Shashi unazoloweka mara nne kwa siku, unaziloweka katika kitu kilekile kinachomla. Usimwagie hata tone. Mfunge kwa shashi kavu, safi, mpandishe kwenye gari la huyu dereva sasa hivi. Nimekwisha kuzungumza naye, atapita hospitali. Chukua na hiyo chupa, waonyeshe, waipime, wajue ni dawa gani ya sindano itakayofaa. Watakuuliza nani alikuwa anamtibu. Utasema, "Ni mimi." Usipoweza, sema, "Ni mpwa wangu muuguzi ndiye aliyenielekeza," nami nitakubali kwa maandishi. Jina langu limeshachafuka, halitaongezeka uzito kwa doa moja. Lakini Bibi ndiye aliyenilea mama akiwa kazini, na ndiye aliyekuzaa wewe. Kama heshima yako ina thamani kuliko mguu wake, mwambie hivyo usoni, kwa mdomo wako, ukiwa umekaa kwenye ile stuli.

Mpwa wako.

*

14 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Najua umengoja, na najua jirani amekueleza kwa simu vile vipande alivyosikia na vile alivyobuni. Haya ni maelezo ya mwenyewe.

Dereva wako ni mtu mkaidi. Nilimwambia akae, akasema ameambiwa asimame. Nilisoma mara moja, nikatoka nikakaa kwenye lile sanduku. Nilikuwa na jibu kali sana la kukuandikia. Lilikuwa na maneno mazuri, ningekuwa nalo mpaka leo ningelikuandikia. Bibi yako akaniita kutoka ndani, akauliza ni nani mlangoni. Nikamwambia ni gari la kumpeleka hospitali. Akasema, "Kwa kuchelewa huku ningekwishasuka nywele mara tatu." Alikuwa ameshaweka kanga na vitu vyake kwenye kifurushi chini ya kitanda, mpwa wangu. Kifurushi kilikuwa kimefungwa tayari, na kilikuwa na vumbi juu. Alikuwa ananingoja wiki ngapi, sijui, na sikuthubutu kumuuliza.

Hospitali daktari alifungua, akatazama, akaniuliza lile swali. Nani alikuwa anamtibu? Barua yako ilikuwa mfukoni na ruhusa yako ndani yake. Nilisema ni mimi, mwanawe, mfunga vidonda mstaafu, na dawa niliyokuwa natumia ni hii hapa. Nikaweka chupa mezani. Alikinusa kizibo akakirudisha haraka. Alisema tungechelewa siku nne au tano zaidi angeomba sahihi ya kukata. Hakunionea huruma hata kidogo. Alinisema mbele ya watu mpaka nikatamani yale masikio yangu yote mawili yawe yamekufa.

Bibi yako alikaa wodini wiki saba. Walimchoma sindano, wakatoa nyama iliyooza, halafu wakachukua ngozi ya pajani wakaibandika pale. Anatembea kwa fimbo. Mguu umebaki na shimo, na hautarudi ulivyokuwa, lakini ni wake na anaukanyagia. Wakati wa kumsafisha walitumia maji ya chumvi. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Sasa nikueleze jambo moja, kisha nilale, maana kuandika kunanichosha kuliko zamani.

Wiki ya tano nilikuwa benchi, nje ya chumba chao cha kufungia vidonda, mlango uko wazi. Ndani yumo muuguzi mmoja, mama wa makamo, mikono yake mizuri, anafunga bila haraka. Nilikuwa namtazama kwa wivu. Alipomaliza akachukua chupa ya dawa ya njano, akainua kwenye mwanga, akaona imefika nusu. Akafungua bomba.

Nilisimama nikaingia bila kubisha hodi. Nikamwambia, mama, imwage yote, ioshe, uichemshe, na hicho kizibo kitupe. Changanya ya leo, uandike tarehe, itakayobaki kesho umwage. Alinitazama kuanzia viatu. Akasema, "Mzee, hivi ndivyo tulivyofundishwa. Aliyetufundisha sisi alifundishwa na bingwa mmoja wa zamani, wanamwita Kaza Meno. Wewe ni nani?"

Wagonjwa wengine walikuwa wananitazama, na daktari naye alikuwa amesimama koridoni. Miaka yote nilitamani siku moja nisikie jina langu likitajwa hivyo na mtu nisiyemjua.

Nikamwambia, "Kaza Meno ni mimi. Nilikufundisheni vibaya. Ioshe."

Aliiosha. Nilisimama pale mpaka akaigeuza ikauke.

Chupa yangu daktari ameibakisha, anaonyesha wanafunzi. Msalimie Mama Ndoo kama anapokea salamu zangu. Mwambie aliyeanzisha ni mimi. Sanduku nimelitoa nje, kuku wanatagia humo, na koleo zimo pia kwa sababu sikuwa na nguvu za kuzitoa.

Bibi yako anabandika bahasha.

Mjomba wako.

MJUKUU WANGU. HAKINUKI. SASA MWAMBIE NILISEMA. ANAFAGIA VIBAYA BADO